Kiwanja cha Masaka Utasaini Mwenyewe

Mwanangu Ineza,

Barua hii utaikuta ndani ya pasipoti yako utakapoitoa pale Rusumo kwa watu wa mpaka. Pamoja nayo utakuta ile karatasi yako ya kunipa mamlaka, mnayoiita prokirasiyo, ile uliyoipeleka kwa noteri ikagongwa muhuri, ikaachwa nafasi chini ili nitie sahihi ya kukubali. Nafasi hiyo bado ni tupu. Sikusahau. Nimekataa.

Kasirika kwanza. Ukimaliza, soma polepole, njia ya Mwanza ni ndefu.

Naandika jioni hii, saa kumi na moja na nusu, wewe umekwenda Kicukiro kuwaaga wenzako. Sitakuandikia habari za koti wala za kuchemsha maji. Una miaka ishirini na saba, na hiyo kazi ya kupima samaki maabarani hawakukupa kwa sababu ya sura. Nataka tuzungumze jambo moja tu: kile kiwanja unachotaka kununua Masaka, na kwa nini sitakwenda Jumatatu kusaini kwa niaba yako, hata kama Fideli komisiyoneri, huyo dalali wako, atapiga simu mara ishirini. Leo tu ameshapiga mara nne. "Mama, harakisha," ananiambia. "Iko mutu wa Kampala anakuja Jumanne, ako na faranga yote mukononi." Mimi sijawahi kusikia kiwanja kinachouzwa hapa Kigali ambacho hakina mtu wa Kampala anayekuja Jumanne. Huyo mtu ana safari nyingi sana.

Najua mnavyonisema wewe na wenzako. Mnasema Mama Ineza anamshuku hata kuku anayetaga. Nimewahi kuwasikia mkicheka jikoni, na mimi mwenyewe nilicheka kidogo, huku nimejificha nyuma ya mlango kusikiliza mnasema nini kingine. Ni kweli, nashuku. Lakini hujawahi kuniuliza nilianza lini, na mimi nimekuwa nikishukuru kwamba huulizi.

Unalijua shamba letu la Masaka, kule bondeni, ulikokuwa unachuma maharage kila Jumamosi huku umekunja uso. Tangu utoto wako umeambiwa ni shamba. Mimi sikununua shamba, mwanangu. Nilinunua kiwanja cha kujenga nyumba.

Baba yako alikuwa amefariki, wewe uko darasa la tatu, na kazini kwake walikuwa wamenipa kiinua mgongo chake. Jirani akaniletea mzee mmoja aliyekuwa anauza ardhi, Mzee Kalisti. Nilimwamkia shikamoo bila hata kufikiri, kama tulivyolelewa ukimbizini Karagwe, Tanzania, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Hapa Kigali unaweza kumaliza mwezi mzima bila kusikia mtu akiitikia marahaba. Tulikuwa tumerudi kwetu, ndiyo, lakini sokoni walikuwa wanacheka Kinyarwanda changu, na ofisini wakubwa walinijibu kwa Kifaransa ambacho sikujua hata kukisalimia. Mzee huyu akaniuliza habari za Kayanga. Akamtaja kwa jina mwalimu aliyenifundisha hesabu. Moyo wangu ukasema huyu ni wetu, na tangu hapo masikio yangu yakafunga duka.

Alinionyesha ardhi mwezi wa saba. Ilikuwa kavu, nyasi zimelala vizuri, upepo mtamu. Tukaandikishana, mke wake akaja akasaini, tukawapa mashahidi bia zao kama ilivyo desturi, wakanywa wakanipongeza kwa kupata kwangu. Nilirudi nyumbani nikakununulia viatu.

Mwezi wa nne nikapeleka fundi kupima msingi. Tulisimama barabarani tu, tukatazama. Maji yalikuwa magotini. Fundi alikuwa muungwana, akaniuliza kama nataka kufuga bata. Nilipokwenda ofisi ya ardhi wakanionyesha kwenye ramani ya jiji kwamba pale pote ni eneo la kilimo, hapajengwi hata banda la mlinzi. Nikamfuata Mzee Kalisti huku nalia barabarani mbele za watu. Unajua aliniambia nini? Aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hukuniuliza." Na shahidi mmoja, ambaye bia yangu ilikuwa bado haijamtoka vizuri tumboni, akaongeza, "Sisi tulizani unataka kulima."

Hakuwa amenidanganya neno hata moja. Hati ilikuwa ya kweli, jina la kweli, mke wa kweli. Sikuuliza kwa sababu niliona ni utovu wa adabu kumhoji mtu aliyeniitikia marahaba. Kosa hili mtu wa hapa hapa hawezi kulifanya, wala mtu wa Karagwe aliyebaki Karagwe. Ni letu sisi tuliorudi.

Basi huko uendako utakutana na Wanyarwanda. Watafurahi kukuona, nawe utafurahi, watakukaribisha isombe, kisamvu cha kwetu, ulie machozi. Kula. Lakini siku mmoja wao atakapokuambia ana kanyumba ka kupangisha au kipande cha ardhi cha bei ya ndugu, muulize yote ambayo ungemuuliza mgeni, na uulize hata yale unayoyajua, ili usikie anavyojibu. Ingiza namba ya kiwanja kwenye simu yako mwenyewe, usisomewe kwenye simu ya dalali. Tazama ni majina ya nani yameandikwa, ardhi imepangiwa matumizi gani, na kama kuna benki imeishika. Nenda mara ya pili bila kumwambia mtu, na iwe siku ya mvua. Kaa kwenye duka la karibu, nunua soda, inywe kwa muda mrefu. Muuza duka anajua kila kitu na hakuna anayemuuliza.

Nimeanza na hilo kwa sababu ni kosa ninaloweza kulisimulia nikicheka. Sababu yenyewe ya kukataa karatasi yako ni mama yako mdogo Beatha. Nitafika kwake. Umeshaona kwamba nazunguka.

Kwanza wapangaji, maana siku moja utakuwa nao.

Vile vyumba vinne vya nyuma hapa Kabeza, mtu wa kwanza kupanga alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alilipa miezi mitatu papo hapo. Hakuuliza maji yanatoka siku gani, hakujaribu kufunga dirisha, hakufungua hata mlango wa choo. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Kumbe hakuuliza kwa sababu hakuwa na mpango wa kulala mle. Alijaza chumba maboksi ya mafuta ya kujichubua, yale yaliyopigwa marufuku, na siku polisi walipokuja yeye hakuwepo, nilikuwepo mimi. Nilikaa kwenye benchi kituoni kutwa nzima nikieleza, na kila niliyemweleza alinitazama usoni kwa makini kuona kama na mimi nayapaka.

Tangu siku hiyo nampenda mpangaji msumbufu. Anayeuliza kama mlango wa bafu una komeo ana nia ya kuoga. Anayeomba bei ipunguzwe ana nia ya kulipa. Mtu anayekubali kila kitu huku amesimama mlangoni, mwambie chumba kimeshachukuliwa.

Lakini hata hilo nililijua nusu. Unamkumbuka Mama Aline wa chumba cha pili, fundi cherehani, aliyekushonea gauni lako la kipaimara? Huyo ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, na nilimkubali kwa ajili hiyo. Kila chumba nilikuwa nimekiwekea mita yake ya kashpawa, kila mtu anunue umeme wake mwenyewe. Haukupita muda akaanza kunijia. "Mama mwenye nyumba, umeme yangu inaisha mbio. Naweka leo, keshokutwa hakuna."

"Ni cherehani yako," nikamwambia. "Na hiyo pasi."

"Cherehani yangu ni ya miguu, mama."

Ilikuwa ya miguu kweli. Nilikuwa nimeiona siku anahamia. Lakini badala ya kunyamaza na kufikiri, nikaanza kujiuliza anataka nini. Nikaona anatafuta sababu ya kupunguziwa kodi. Kisha nikaona ana jiko la umeme analificha. Nilikuwa nachungulia dirishani kwake akienda sokoni, Ineza, mimi mama yako, nimesimama juu ya ndoo. Wageni wake nikawa nawahesabu. Akileta malalamiko, nikawa namjibu kwa ukali ili asirudi. Mwisho nikamwambia atafute pengine, mwezi ukiisha aondoke. Hakunijibu vibaya. Alifunga cherehani yake kwenye mkokoteni, akamshika Aline mkono, akaniaga kwa kuniambia Mungu anibariki, nami nikaona hata hilo ana lake jambo.

Aliyefuata alikuwa mlinzi wa usiku aliyemiliki redio moja na balbu moja. Wiki ya pili akaja: umeme unaisha mbio. Hapo nikaita fundi. Akafuata waya, akapanda darini, akashuka na vumbi kichwani, akaniambia, "Mama, friji yako na taa yako ya nje ziko zinakula kwa chumba ya pili."

Miaka miwili Mama Aline alikuwa ananunua umeme wa kupozea maziwa yangu, na mimi nikamfukuza kama tapeli. Nilimtafuta Kabeza yote, nikamtafuta mpaka soko la Kicukiro kwa mafundi wenzake. Wakasema amehama. Sijamwona mpaka leo, na nikisikia cherehani popote bado huwa nageuka kutazama ni nani.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu ufunguo, zima umeme wa chumba chake uone kama kwako kuna kitu kinazimika. Andikeni pamoja hali ya chumba, kitasa kwa kitasa, mpige picha, msaini wote wawili, kila mtu abaki na nakala. Na mpangaji akilalamika, kagua waya zako kabla hujaanza kukagua tabia yake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimwona Mama Aline tapeli haraka namna ile, mtu ambaye hata sukari alikuwa anarudisha na kikombe kimeoshwa. Jibu nimelijua siku nyingi. Wakati ule mimi nilikuwa na jambo langu, na ilikuwa rahisi zaidi kuwashuku watu wote wa Kabeza kuliko kukaa chini nijitazame mwenyewe.

Haya. Beatha.

Mama yako mdogo alibaki Tanzania sisi tuliporudi, unajua, akafungua duka lake la mchele na maharage pale Benako. Lakini alitaka siku moja arudi azeeke karibu nami. Akauza ng'ombe wake, akaongeza na akiba yake yote, akanitumia, akaniambia, "Dada, nitafutie kiwanja. Wewe ndiye macho yangu." Safari hii niliuliza kila swali. Nikapata kiwanja kizuri, huko huko Masaka lakini juu, kwenye mteremko, udongo mgumu. Beatha hakuwa na kitambulisho cha huku, na kukishughulikia kungechukua muda, na muuzaji alikuwa na haraka kama wauzaji wote. Nikampigia simu. "Niandikishe jina langu kwanza," nikamwambia, "ukija tutabadilisha." Akacheka, akasema, "Kwani jina lako na langu kuna tofauti gani?"

Hati ikatoka. Nikaiweka kabatini chini ya mashuka. Kila nilipobadilisha mashuka niliiona.

Mwaka uliofuata wewe ulikuwa unaingia sekondari ya bweni. Nyumba hii ya Kabeza ilikuwa bado iko kwa jina la baba yako, sikuwa nimemaliza mambo ya urithi, nilikuwa naahirisha kwa sababu kila nikienda nililazimika kusema tena kwamba amekufa. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba vyumba vinne vya kupangisha vingetosha kukusomesha. Benki ikataka dhamana. Hati ya baba yako wakaikataa. Nikakumbuka ile ya chini ya mashuka.

Sikumwuliza. Nilijiambia ningelipa kabla hajajua. Nilijiambia ningemwuliza angekubali, na kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua. Angalia vizuri sentensi hiyo, Ineza, maana niliiamini kabisa. Kumbe vyumba viliisha kujengwa kabla maji hayajafika mtaa huu, vikakaa vitupu miezi mingi, kisha akaja yule wa maboksi, kisha aibu ya polisi ikafukuza wengine. Benki ilinivumilia kuliko nilivyostahili. Halafu ikauza kiwanja cha mdogo wangu, kihalali, mchana kweupe, na mimi nilikwenda mnadani nikasimama nyuma.

Nilikaa mwaka mzima bila kumwambia. Akipiga simu akiuliza kiwanja chake kinaendeleaje, nilimwambia nyasi zimeota, nitatafuta mtu wa kufyeka.

Kisha akaja bila kuniarifu, alitaka kunifurahisha. Alikuwa na begi moja na bomba la plastiki lenye ramani ya nyumba aliyochorewa na injinia wa Ngara. Vyumba vitatu, na baraza. Aliniambia baraza ni ya sisi wawili. Hakutaka hata chai, alitaka akaone kwanza. Nilikwenda naye, Ineza. Ningeweza kumwambia njiani. Tulikuwa kwenye pikipiki mbili, yake mbele, naona mgongo wake na lile bomba limechomoza begani, na sikusema. Tukafika. Palikuwa na msingi umeshamwagwa, mafundi wanapanga tofali.

Akauliza, "Dada, hii nyumba ya nani?"

Nikamwambia, "Nadhani wamekosea mpaka."

Hilo ndilo nililosema. Hata pale, mbele ya tofali, nilimtafutia mtu mwingine wa kumshuku. Beatha akawaendea mafundi kwa hasira kunipigania, kuwaambia wamevamia ardhi iliyo kwa jina la dada yake. Msimamizi wao akamtazama, akanitazama mimi, akasema kwa heshima, "Mama, mwenye nyumba alinunua hii kwa benki. Huyu mama tulimuona siku ya mnada."

Hakunipigia kelele. Alinipa lile bomba la ramani kama mtu anayempa mwenzake mzigo amshikie kidogo, akapanda pikipiki, akaenda moja kwa moja stendi ya Nyabugogo. Begi lake nililituma baadaye na basi. Wewe uliporudi likizo ukauliza mbona Mama mdogo haji tena Krismasi, nikakuambia amekasirika kwa sababu sikuchangia harusi ya mwanawe. Nikakuacha umwone ni mwanamke mwenye kinyongo cha bure. Miaka yote hiyo umemwona hivyo, na umesoma kwa kodi ya vyumba vilivyojengwa kwa kiwanja chake. Naona aibu kuandika haya. Ningeona aibu zaidi kukuambia uso kwa uso, ndiyo maana unayasoma ukiwa mbali na macho yangu.

Sasa kiwanja chako. Jumamosi iliyopita nilikuambia naenda umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, hapa mtaani. Sikwenda hapa. Nilichukua jembe, nikapanda pikipiki mapema kabla barabara hazijafungwa, nikaenda kufanya umuganda Masaka, kwenye mudugudu, yaani kijiji, cha kiwanja chako. Ukitaka kuijua ardhi, nenda kachimbe mtaro na watu wa pale. Mtu aliyeinama na jembe hana muda wa kutunga uongo. Nilichimba mpaka saa tano, na kwenye mkutano nikakaa karibu na wazee. Niliuliza habari ya mvua, ya barabara, ya mipaka, ya ugomvi wa urithi. Mke wa muuzaji alikuwa anachimba hatua tatu kutoka kwangu, na anajua wanauza, na anajua kwa nini: mtoto wao anaenda kusoma. Nilitafuta kasoro kwa roho yangu yote, mwanangu. Sikuipata. Kiwanja ni kizuri.

Nilipokuwa nangoja pikipiki ya kurudi, nikasimama kwenye kona yake. Nikajikuta nahesabu. Vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, bafu katikati, tangi la maji juu pale. Nikawaza kwamba wewe utakuwa mbali miaka miwili, ardhi itakuwa imelala tu, na hati itakuwa kwangu, kabatini. Nikawaza paa letu linalovuja. Nikawaza kwamba nikikuuliza utakubali, na kwa hiyo hakuna haja ya kukusumbua.

Sentensi ile ile. Ilikuja yenyewe, na ilinijia kwa sauti ya mama mwema. Sikuwa na nia mbaya na wewe. Hata kwa Beatha sikuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo sisaini. Mpigie muuzaji wewe mwenyewe, si Fideli. Mwambie utakuja likizo yako ya kwanza, mwandikiane makubaliano ya kungoja kwa maandishi, yeye na mke wake. Aliyekaa na ardhi miaka yote hiyo anaweza kukaa nayo miezi michache zaidi. Akikataa, kiuzwe. Inawezekana ukakikosa, na ni kizuri, na kosa litakuwa langu, nalikubali. Na kama siku moja utalazimika kumpa mtu mamlaka, noteri aandike ni kwa kitendo kimoja tu na yanakwisha tarehe fulani, hati itoke kwa jina lako, na baada ya hapo hati isilale nyumbani kwa mtu huyo. Hata akiwa anakupenda. Mimi nakupenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na ndiye niliyesimama pale nikihesabu vyumba.

Leo mchana, kabla sijaanza kuandika, nilimpigia simu Beatha. Namba yake ninayo siku zote. Nilidhani hatapokea, akapokea. Nikamwambia Ineza anaenda kufanya kazi Mwanza, basi lake litapita Benako kesho. Nikamwambia umenunua kiwanja, au unataka kununua, na umeniachia karatasi nikusainie. Nikasikia watu wananunua mchele dukani kwake, mtu anauliza bei.

Kisha akaniuliza, "Umesaini?"

Nikamwambia hapana.

Akasema, "Mwambie ashuke hapa. Atalala kwangu, Mwanza ataenda keshokutwa. Nitampikia."

Hakuniuliza hali yangu. Shuka, Ineza, na ukifika umwambie kwamba umeshajua.

Mama yako